Mtoto alizaliwa na kilo moja na robo, meno bado: nihesabu kuanzia lini?

Mama_Tumi (Embakasi)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Msichana wangu alizaliwa wiki ya 30 akiwa na gramu 1,250. Tulikaa wodi ya watoto wachanga hadi nikajua kila mashine inalia vipi. Sasa ana miezi 11. Anakaa mwenyewe, anakula, kwenye matatu anavuta nywele za abiria wa mbele bila aibu. Lakini mdomoni ni fizi tupu. Mtoto wa mlango wa pili ana miezi 7 na meno manne.

Mama mkwe amekuja kutoka Kangundo, na kila asubuhi anamfungua mdomo na kumkagua kama mtu anayenunua mbuzi. Jana akaniambia kuna mama nyuma ya soko anayetoa "meno ya plastiki", ati hayo yakitolewa ya kweli yanapata njia. Sitaki, na nimemwambia sitaki. Ila sina jibu akiniuliza, "Sasa kwa nini hana?"

Ni kweli njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, huchelewa meno? Na nisubiri hadi lini?

Mjuaji254

Wangu aliota na miezi minne. Mpe mfupa wa kuku atafune, utaona.

Mama_Tumi

Mfupa wa kuku kwa mtoto asiye na jino. Haya, asante.

Baba_Kevo (Githurai)

Pole mama. Kevo wetu alizaliwa na kilo moja na gramu mia nne, na jino la kwanza alilipata baada ya kutimiza mwaka. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni jinsi yalivyotoka. Mawili ya juu mbele, upande wa kushoto, yana vishimo na rangi ya chai. Ya kulia ni masafi kabisa. Mahali tulipompeleka tukaambiwa tumempa peremende nyingi. Mtoto wa mwaka na nusu, peremende amezijulia wapi? Na kama ni peremende, zinakula upande mmoja tu? Nangoja wanaojua.

Bi_Zuhura (Pangani)

Mama Tumi, usimruhusu mtu yeyote aguse fizi za mtoto. Mengine watakueleza wataalamu, lakini hilo lishike.

Afisa_Kinywa

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nimesomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, kazi yangu ya kila siku ni meno ya watoto hapa Nairobi. Si daktari bingwa, kwa hiyo nikifika mwisho wa ninachokijua nitawaelekeza mbele.

Mama Tumi, chukua kalamu. Mimba kamili ni wiki 40. Binti alitoka wiki ya 30, yaani wiki 10 kabla ya siku zake, ambazo ni miezi miwili na siku kadhaa. Toa hizo kwenye miezi 11. Kwa hesabu ya mwili wake ana miezi 8 na nusu hivi. Kwa watoto wengi, meno mawili ya chini mbele huchomoza kati ya miezi 6 na 10, ya juu kati ya 8 na 12. Sasa niambie amechelewa wapi.

Ni hesabu ileile wanayoitumia kliniki wakiangalia kukaa, kutambaa na kutamka maneno, na huendelea nayo hadi mtoto afikishe miaka 2. Ajabu ni kwamba ikifika kwenye meno kila mtu anaisahau. Ukimlinganisha na huyo wa mlango wa pili, ikiwa alizaliwa kwa wakati, wamepishana mwezi mmoja na nusu tu.

Sababu yenyewe: meno ya maziwa hayangoji mtoto azaliwe ndipo yaanze. Vichipukizi vyake hujitokeza ndani ya taya mimba ikiwa ya wiki kama 6, na ya mbele huanza kuwekewa madini kwenye wiki ya 14 hivi. Jino linaufuata umri huo. Mtoto kutoka mapema hakuliharakishi.

Lakini hesabu haimalizi kila kitu. Waliozaliwa wadogo sana, chini ya gramu 1,500, hasa waliokaa sana kwenye mashine, waliopata maambukizi ya damu au ambao uzani ulikwama wiki nyingi, baadhi yao huchelewa hata ukishazitoa zile wiki. Mtoto akianza kuongeza uzani vizuri, na meno hufuata.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi yetu wahudumu tunalichanganya. Uzani mdogo wa kuzaliwa ni chini ya gramu 2,500, bila kujali wiki. Yupo anayezaliwa na gramu 2,100 kwa sababu amekuja wiki ya 34. Yupo anayezaliwa na gramu hizohizo wiki ya 39, kwa sababu hakulishwa vya kutosha tumboni: kondo dhaifu, presha ya mama, malaria, au mama mwenyewe alikuwa akilala njaa. Huyu wa pili hana wiki za kutoa. Akipita mwaka na miezi kadhaa bila jino, msimfariji mamake kwa kumwambia "njiti ndivyo walivyo". Si njiti huyo.

Kusubiri ni hadi lini? Mimi huwaambia wazazi miezi 18, kwa umri uliosahihishwa, yaani ukishazitoa zile wiki. Ikifika hapo na hakuna hata moja, aonwe na daktari wa meno na daktari wa watoto pia, maana tezi ya thairoidi iliyolegea, matege ya upungufu wa vitamini D na hali nyingine za kuzaliwa huweza kujionyesha mdomoni mapema. Kabla ya hapo, kama anakua na anacheza, mwache.

Sasa niseme linaloniuma. Kwa watoto hawa tunahesabu meno na kusahau kuyatazama. Jino likichelewa miezi mitatu halimdhuru mtu. Jino likija na gamba bovu, ule ukuta mgumu wa nje, ndilo linaloniletea mtoto wa miaka mitatu aliyekesha akilia.

Baba Kevo, swali moja: mtoto aliwekewa mrija wa kupumulia kupitia mdomoni?

Baba_Kevo

Ndiyo, siku za kwanza. Umejuaje?

Afisa_Kinywa

Ni huo upande. Anayeuweka mrija hushika kifaa cha kumulika koo kwa mkono wa kushoto, hata kama yeye hutumia wa kulia kwa kila kitu, kwa sababu kifaa kimeundwa hivyo. Taya la mtoto wa kilo moja na nusu ni laini, na vichipukizi vya meno viko chini kidogo tu ya ngozi ya ufizi. Kifaa kikiegemea ufizi wa juu, meno ya mbele ya juu ndiyo yanayoumia, na mara nyingi zaidi ya kushoto. Hakuna wa kulaumiwa. Walikuwa wanatafuta pumzi ya mtoto.

Sijamwona Kevo, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mtindo wa madoa hueleza mengi. Ikiwa tatizo lilikuwa la mwili mzima, kwa mfano kalisiamu ilishuka sana au aliugua vibaya, utaona alama kushoto na kulia, kwenye meno yale yote yaliyokuwa yakijengwa wakati huo, na mara nyingi zinakaa kwa mstari mmoja. Zikiwa kwenye meno mawili ya jirani upande mmoja tu, mimi huuliza habari za mrija kabla ya kuuliza habari za peremende.

Nesi_Mstaafu (Buruburu)

Afisa amesema kweli. Nimefanya kazi na wachanga miaka mingi na hili la meno sisi wenyewe hatukulijua. Tulikuwa tunafurahi mtoto akitoka na kilo mbili, tunapiga vigelegele, tunampa mama tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemwambia amwone daktari wa meno.

Niongeze kuhusu madini. Kalisiamu na fosforasi ambazo mtoto huzaliwa nazo, kama sehemu nne kati ya tano huzipata miezi mitatu ya mwisho tumboni. Aliyekuja wiki ya 28 au 30 amekosa karibu mgao wote huo. Ndiyo maana mifupa yao huwa dhaifu, na meno yanatumia madini yaleyale. Maziwa ya mama ni bora kuliko kitu kingine chochote kwa njiti, tumbo lake haliwezi mengine, lakini kwa aliye chini ya kilo moja na nusu madini yaliyomo hayatoshi peke yake. Ndiyo sababu huongezewa kirutubishi wodini, halafu vitamini D na dawa ya damu akienda nyumbani. Akina mama wengi wakishatoka wanaziacha hizo dawa kwa kuwa mtoto "amepona".

Na kwa mama ambaye maziwa yamegoma, siku hizi kuna benki ya maziwa ya mama pale Pumwani tangu 2019, ya kwanza nchini. Zamani zetu tungeipata wapi.

Mama_Tumi

Asante sana Afisa, na wewe mama. Nimemsomea mama mkwe hesabu ya wiki, ameisikiliza yote, akasema, "Mwili una hesabu zake, sawa, lakini hizo nyeupe mbili za juu ni nini?" Kweli kwenye ufizi wa juu, pembeni, kuna vivimbe viwili vyeupe-vyeupe. Anasema ndiyo meno ya plastiki yenyewe.

Mjuaji254

Hayo ndiyo. Wa dada yangu aliendesha na kutapika wiki nzima hadi yalipotolewa, kesho yake akapona. Msidharau za wazee.

Nesi_Mstaafu

Kijana, tulia nikuambie. Hivyo vivimbe ni mahali chonge zinapojiandaa. Kila mtoto anavyo. Ukimfungua mdomo mtoto yeyote wa umri huo utaviona, mwenye homa na asiye na homa. Kinachotolewa na hao watu kwa ncha ya kisu, spoku ya baiskeli au kucha ni kichipukizi cha jino la maziwa, bado laini, cheupe, ndiyo maana kinaonekana kama plastiki. Ni jino la mtoto huyo ambalo halijakomaa.

Kuhara kunakwisha kwa sababu kuhara kwingi kwa watoto hukwisha baada ya siku chache. Ungemfunga uzi mwekundu kidoleni siku hiyohiyo angepona vilevile, na leo ungetuambia ni uzi.

Nimewapokea waliofanyiwa. Damu isiyokatika. Maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Na hao walikuwa watoto waliozaliwa na kilo tatu. Huyu wa gramu 1,250, ambaye damu yake ndogo tumeijaza kwa dawa miezi yote hii, mtu amkate ufizi nyuma ya soko? Mama Tumi, mwambie mama mkwe wako nesi mzee wa Buruburu anamsalimu sana, na anamwomba asifanye hivyo.

Mtoto mwenye homa kali au anayeharisha apelekwe hospitali. Kuota meno kunaleta udenda, kusumbuka na kulala vibaya. Hakuleti homa ya nyuzi 39.

Afisa_Kinywa

Na kwa upande wangu mimi huona kinachobaki miaka baadaye: pengo pasipo na chonge ya maziwa, jino la jirani lililopinda, na wakati mwingine chonge ya ukubwani inayotoka imeharibika au isitoke kabisa, maana kichipukizi chake kiko hapohapo nyuma. Nimeona hali hiyo kwa watoto wa kila kabila hapa mjini, kwa hiyo tusianze kunyoosheana vidole.

Bi_Zuhura

Kwetu pwani ilikuwa balaa nyingine. Mtoto akianza na meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi wa ukoo mzima, na zamani hizo hakuachwa aishi. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwa kunong'ona. Watoto wangapi walipotea kwa sababu jino limetangulia juu! Naliuliza hapa makusudi: njiti anaweza kuanza na ya juu?

Afisa_Kinywa

Njiti na asiye njiti, wote wanaweza. Mpangilio wa kawaida ni chini kwanza, lakini kupishana si ugonjwa wala si ishara ya chochote.

Baba_Kevo

Afisa, turudi kwenye gamba bovu. Ni wangapi hupatwa na hili? Au ni Kevo tu na bahati yake?

Afisa_Kinywa

Si Kevo tu. Kuna utafiti wa Kim Seow na wenzake kule Brisbane, Australia, uliochapishwa 1987. Waliwapanga watoto makundi matatu kwa uzani wa kuzaliwa na kuangalia kasoro za meno ya maziwa. Kwa waliozaliwa chini ya gramu 1,500, kama 62 kati ya 100 walikuwa nazo. Waliokuwa kati ya 1,500 na 2,500, kama 27. Wa uzani wa kawaida, 13 hivi. Ni Australia, si Mathare, na ni zamani kidogo, lakini mwelekeo huo ndio ninaouona kitini kwangu: kadiri mtoto alivyozaliwa mdogo, ndivyo gamba linavyokuwa na hitilafu.

Hitilafu zenyewe ziko za namna mbili. Kuna gamba lililokamilika ila halikukomaa. Hilo lina madoa meupe kama chaki, ya krimu au ya kahawia, lakini ukipitisha kidole ni sawasawa, hakuna kishimo. Na kuna gamba pungufu, lenye vishimo, mifereji au sehemu isiyo na kitu kabisa. Hii ya pili ndiyo ya Kevo, na ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu uchafu na vijidudu hupata pa kujificha, na ukuta uliobaki kati ya sukari na kiini cha jino ni mwembamba. Jino la namna hii linaweza kutoboka kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja peremende. Aliyewaambia habari za peremende aliangalia shimo, hakuangalia lilivyoanza.

Msisahau magego. Gamba la meno ya mbele hukamilika miezi michache ya kwanza baada ya kuzaliwa, lakini gego la pili la maziwa hujengwa hadi karibu mwaka. Kwa hiyo maradhi ya miezi hiyo ya kwanza nyumbani nayo yanaweza kuandikwa huko nyuma, mahali ambapo mzazi hachungulii.

Mdau_Rongai

Naomba kuingilia. Huku kwetu kila mtoto ana meno ya kahawia, njiti na wasio njiti, na tunaambiwa ni maji ya kisima cha kuchimbwa. Nitajuaje ni lipi?

Afisa_Kinywa

Swali zuri, na hapa Nairobi na viunga vyake ni lazima liulizwe. Maji ya visima virefu maeneo mengi ya huku yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini hayana shida hiyo.

Madoa ya floraidi yanapenda meno ya ukubwani zaidi ya ya maziwa, yanakuwa pande zote mbili, na ukiuliza utakuta ndugu na majirani wanayo pia. Kasoro za kuzaliwa mdogo zinaonekana mapema kwenye meno ya maziwa, na ndugu aliyezaliwa na kilo tatu hana. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili, bahati mbaya.

Na tafadhali: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Anayemtengenezea mtoto maziwa ya kopo kila siku kwa maji ya kisima atafute ya mvua au ya mfereji kwa ajili ya chupa hiyo.

Mama_Shiru (Kasarani)

Wangu ana rangi nyeusi kwenye meno yote, imeanza juu kwenye ufizi. Alizaliwa na 1.9. Nimelia sana nikijua yameoza.

Nesi_Mstaafu

Anakunywa dawa ya damu, ile ya maji?

Mama_Shiru

Ndiyo, kila siku.

Afisa_Kinywa

Basi futa machozi kwanza. Madini ya chuma yaliyomo kwenye dawa hiyo huacha rangi nyeusi juu ya jino, nje tu. Haijaingia ndani, na hung'arishwa kliniki kwa dakika chache. Usiiache dawa. Mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, upande wa nyuma wa shavu, halafu mpanguse au mpe maji kidogo. Ila aonwe, kwa sababu kuoza nako huanzia karibu na ufizi, na kwa picha ya simu mtu anaweza kudanganyika.

Waliozaliwa na umanjano mkali wa muda mrefu wanaweza kuwa na meno ya kijani-kijani. Hiyo iko ndani ya jino, haitoki kwa kupiga mswaki. Umanjano wa kawaida wa siku chache chini ya taa ya buluu haufanyi hivyo.

Mama_Tumi

Sasa mimi nimechanganyikiwa kuhusu chakula. Kliniki wananiambia aongeze uzani, nimpe mara kwa mara, hata usiku. Natia sukari na siagi kwenye uji ili apate nguvu. Nyinyi mnasema gamba lake huenda ni dhaifu. Nifuate nani?

Nesi_Mstaafu

Fuata uzani. Mtoto kwanza, meno baadaye.

Afisa_Kinywa

Mama, tusiweke hivyo, kama kwamba ni lazima moja limuue mwenzake. Uzani wapaswa kupanda, hapo tuko pamoja. Lakini sukari si njia nzuri ya kupandisha uzani hata bila kufikiria meno. Uji wa wimbi utiwe maziwa, siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa, au omena iliyosagwa kama anaikubali. Parachichi linapondwa, yai linapondwa. Siagi ya kawaida sina ugomvi nayo. Anapata nguvu ileile na jino halilowi kwenye sukari.

Usiku, chupa ya maziwa yenye sukari au ya sharubati isibaki mdomoni akilala. Hiyo ndiyo inayomaliza meno ya juu mbele. Titi mnyonyeshe.

Nesi_Mstaafu

Hilo la karanga na omena nakubali. Lakini mtoto ambaye uzani umekwama na hataki kitu kisicho na sukari, mimi nitampa yenye sukari leo, kesho tutamfundisha. Sibadilishi.

Afisa_Kinywa

Kwa wiki moja, sawa. Shida ni kwamba "kesho" huwa inafika mtoto ana miaka mitatu.

Baba_Kevo

Na tiba? Kevo sasa ana miaka miwili. Kuna wanaosema ni meno ya maziwa, yatang'oka, achana nayo.

Afisa_Kinywa

Meno ya mbele atayatumia hadi miaka 6 au 7, magego ya maziwa hadi 10 hadi 12. Huwezi kumwambia mtoto avumilie maumivu miaka kumi kwa kuwa jino ni la muda. Na gego la maziwa ndilo linalomshikia nafasi lile la chini yake.

Kwa aliye kama Kevo, mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi, kipimo cha punje ya mchele mpaka atimize miaka mitatu, baadaye punje ya njegere. Soma bomba: kipimo cha floraidi (ppm) kiwe 1000 au zaidi. Nyingi zenye picha za katuni hazina floraidi kabisa, na mimi sioni kazi yake. Kliniki hupakwa floraidi nzito mara kwa mara, vishimo huzibwa mapema kabla havijatoboka, na gego lililoharibika sana huvikwa kofia ya chuma. Kuna pia dawa yenye madini ya fedha, inasimamisha kuoza bila kuchoronga, ila sehemu iliyooza inabaki nyeusi. Wazazi wengi huikataa kwa sababu ya sura. Mimi kwa mtoto wa miaka miwili asiyeweza kutulia kitini naiona ni neema, lakini uamuzi ni wenu nyumbani.

Baba_Kevo

Na ya ukubwani yatakuwaje?

Afisa_Kinywa

Kuchelewa huwa kunajifuta. Utafiti mwingine wa huyohuyo Seow, wa 1996, uliangalia waliozaliwa wadogo sana: walio chini ya miaka sita meno yao ya ukubwani yalikuwa nyuma katika kukomaa, lakini waliofika tisa na kuendelea walikuwa wamewafikia wenzao. Gamba ndilo halijirekebishi, likishajengwa limejengwa. Gego la kwanza la ukubwani huanza kuwekewa madini karibu na siku ya kuzaliwa, na ya mbele ya juu ya katikati miezi 3 hadi 4 baadaye. Kwa hiyo akifika miaka 6, mchungulie nyuma kabisa, gego hilo hutoka kimya bila jino lolote kung'oka, na wazazi hudhani bado ni la maziwa. Likiwa na doa la krimu au la kahawia, mlete mara moja, maana hukatika haraka.

Mama_Tumi

Niende wapi, na lini? Hana hata jino la kuonyesha.

Afisa_Kinywa

Mpeleke akitimiza mwaka, au jino la kwanza likitokea, lolote litakalotangulia. Hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha meno, na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile ya barabara ya Argwings Kodhek, ina wa watoto. Beba kitabu cha kliniki chenye wiki na uzani, na karatasi ya kuruhusiwa wodini ikiwa ipo. Usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,250, aliwekewa mrija au hakuwekewa, alikuwa chini ya taa ya umanjano siku ngapi. Anayekuangalia asipokuwa na habari hizo ataishia kwenye peremende.

Mama_Tumi

Tutaenda mwezi ujao. Mama mkwe anasema anakuja pia, ana maswali yake.

Mama_Pacha (Kayole)

Nimesoma kimyakimya tangu juzi. Nina mapacha wa wiki ya 35, mmoja alikuwa na kilo 2.3, mwingine 1.6. Sasa wana mwaka. Mkubwa ana meno sita, mdogo ana moja. Wiki zao si ni zilezile?

Afisa_Kinywa

Wiki ni zilezile, wote watoe tano. Chakula cha tumboni ndicho hakikuwa sawa. Huyo wa 1.6 alikuwa mdogo hata kwa wiki zake, kwa hiyo kubaki nyuma kidogo si ajabu, na jino moja kwa miezi 11 ya hesabu yake bado ni sawa. Anaongeza uzani?

Mama_Pacha

Anaongeza, polepole.

Afisa_Kinywa

Basi wapeleke wote wawili siku moja, na mwambie daktari aanze na huyo mdogo kabla hajachoka.